Idadi ya vipande haipimi ukubwa wa seti wala uhalali wa bei yake

Lalamiko linalotufikia mara nyingi kuliko yote sisi tunaouza na kuunganisha seti za Lego, yaani vipande vya plastiki vinavyoshikana kujenga umbo fulani, na ambalo limerudi tena hivi karibuni kwa maneno makali, ni la mteja aliyelipa fedha nyingi kwa seti kubwa na alipoifungua akaona amepata kitu kidogo kuliko alivyotarajia. Mteja wetu wa mwisho aliyelalamika alichagua kwa kufuata namba moja tu, yaani 11,695. Ndiyo idadi ya vipande vya ramani ya dunia iliyotoka mwaka 2021, na wakati huo hapakuwa na seti iliyowahi kuuzwa ikiwa na vipande vingi kiasi hicho. Akajenga picha kichwani ya jengo la kujaza sebule, ilhali ramani hiyo ni ya kutundika ukutani, ina upana wa sentimita 104 na kimo cha sentimita 65, na unene wake hauzidi wa fremu ya picha. Hakuna aliyemdanganya. Hata hivyo tunaelewa kwa nini alijiona ameibiwa, kwa sababu karibu kila mteja mpya huanza na namba hiyo hiyo, na ndiyo namba inayomweleza machache kuliko zote.

Ramani ile ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 249.99, ambazo ukizigawanya kwa vipande vyake unapata senti mbili na kidogo kwa kila kimoja. Millennium Falcon, chombo cha angani cha filamu za Star Wars, katika seti ya mwaka 2017 ina vipande 7,541 na ilitoka kwa dola 799.99, yaani zaidi ya senti kumi kwa kipande. Mteja akishapiga hesabu hii hufika kwetu akiwa na hakika kwamba Falcon imepandishwa bei bila sababu. Sababu zipo. Sehemu kubwa sana ya vipande vya ramani ni vigae vya duara vyenye upana wa kinundu kimoja tu (kinundu ni kile kidude cha duara juu ya kipande kinachokishika kingine), milimita nane, vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Falcon imejaa mabamba mapana, mihimili mirefu ya kubeba uzito na vipande vya maumbo yasiyo ya kawaida, na juu ya hayo kuna haki za kutumia chombo hicho cha filamu, ambazo mtengenezaji hazipati bure. Kulinganisha seti hizi mbili kwa bei ya kipande ni kulinganisha mchele na viazi kwa kuhesabu punje.

Nafasi ambayo seti itakalia nayo haitokani na idadi ya vipande. Seti ya meli ya Titanic ina vipande 9,090 na ya Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, ina 9,036, tofauti ambayo hakuna mnunuzi angeijali, lakini Titanic ina urefu wa sentimita 135 na upana wa 16 hivi, inataka rafu ndefu na nyembamba, wakati Colosseum ni yai pana la sentimita 52 kwa 59 linalotaka meza yake peke yake. Mnara wa Eiffel wa mwaka 2022, wenye vipande 10,001, unasimama sentimita 149 juu ya msingi wa sentimita 57 kila upande. Kuna mteja aliyemwagiza seremala kabati la vioo la urefu wa sentimita 130 kwa ajili ya Titanic, akiamini kwamba meli inaweza kubanwa kidogo. Meli haibaniki. Kabati lilitengenezwa upya, na gharama yake ikaongezeka juu ya bei ya seti, na hasira zikatuangukia sisi tulioiunganisha. Tangu wakati huo hatupokei kazi ya kuunganisha seti kubwa kabla mteja hajatuletea vipimo vya mahali itakapokaa, pamoja na upana wa mlango itakaopitia.

Lakini kinachowagharimu wateja zaidi ni seti zilizotumika. Mteja huona seti ya bei kubwa, akakasirika, kisha akampata mtu anayeuza seti ile ile kwa nusu ya bei, imevunjwa na kutiwa kwenye gunia au kasha la plastiki, na muuzaji akasema vipande karibu vyote vipo. Neno hilo "karibu" ndilo linalomaliza akiba yote. Tulipokea Falcon ya namna hiyo ikiwa imechanganywa na seti nyingine ambazo hakuna aliyezikumbuka, na mwenye nayo alitaka tuiunganishe kwa malipo yale yale tunayotoza boksi jipya. Boksi jipya huja na mifuko yenye namba, na fundi hufungua mfuko mmoja, akaumaliza, akaenda kwenye unaofuata. Gunia halina mpangilio wowote, na kazi yote iliyofanywa kiwandani ya kutenganisha vipande inabidi tuifanye upya kwa mikono.

Wengi hudhani kutenganisha ni kupanga kwa rangi, na wengine hutuletea mifuko waliyokwisha kuipanga hivyo wakitarajia tupunguze bei. Kwa bahati mbaya mpangilio huo hautusaidii, hasa kwa chombo kama Falcon ambacho takribani chote ni kijivu. Ukitafuta pini ndogo ya kijivu ndani ya rundo la maelfu ya vipande vya kijivu, jicho halioni kitu. Ukiitafuta kati ya pini za rangi mbalimbali, unaiona mara moja. Kwa hiyo tunaanza na umbo, kisha rangi, kisha tunalinganisha hesabu na orodha iliyo mwishoni mwa kitabu cha maelekezo, kipande kwa kipande.

Hapo ndipo upungufu hujitokeza. Kipande cha kawaida kilichopotea hupatikana kwa bei ndogo, lakini kilichochapishwa alama kiwandani, au kilichotengenezwa kwa ajili ya seti chache tu, kinaweza kuuzwa kwa bei ya kustaajabisha pale seti yenyewe inapokuwa imeacha kutengenezwa. Wajanja huziba pengo kwa kipande cha umbo lile lile kutoka seti ya zamani, bila kujua kwamba kijivu cha Lego kilibadilishwa takribani mwaka 2004 na kile cha awali kina ukahawia kidogo. Kwenye ubavu wa chombo kikubwa tofauti hiyo huonekana kama kiraka. Wapo pia wanaoingiza vipande vya bandia, na hivyo tunavikamata kwa kutazama vinundu, maana karibu kila kinundu halisi kina jina la mtengenezaji lililoinuka juu yake. Tunaviondoa hata mteja asipotuomba, kwa sababu baadhi hulegea, na muundo wenye kilo kadhaa hauwezi kutegemea kiungo kilicholegea.

Usafi nao umeleta hasara nyingi. Plastiki ya vipande vingi inaitwa ABS, na mtengenezaji anashauri ioshwe kwa mkono katika maji yasiyozidi nyuzi joto 40. Mteja mmoja alimimina maji ya kuchemka juu ya mabamba ili aondoe mafuta na vumbi kwa haraka, kisha akayaanika juani. Mabamba yakapinda. Upindo ule ulikuwa mdogo kiasi kwamba ukishika bamba moja mkononi huutambui, lakini ukipanga kumi kwa mstari, la mwisho halikutani na mwenzake. Jua nalo lina madhara yake yenyewe, kwani mionzi yake huigeuza plastiki nyeupe na ya kijivu kuwa manjano, na seti iliyokaa dirishani huwa na upande mmoja wa rangi yake na mwingine wa rangi ya meno mabovu. Dawa za kuirudishia weupe zipo, ila zikitumiwa vibaya huiacha plastiki ikiwa dhaifu, nasi huwaambia wenye seti za thamani waiache ilivyo.

Tunaulizwa pia kama inafaa kununua seti ghali kwa matumaini kwamba itapanda bei ikishaacha kutengenezwa. Seti ya Taj Mahal ya mwaka 2008 ilipanda bei sana baada ya kuondolewa madukani, kisha mwaka 2017 ikatolewa upya ikiwa karibu sawa kabisa na ile ya kwanza, na waliokuwa wameficha maboksi wakiyangojea yapande zaidi wakabaki na mzigo. Tunauza seti kwa watu wanaotaka kuzijenga na kuzitazama, na ushauri wetu juu ya bei unaishia hapo.

Kwa sababu hizo, malipo yetu kwa boksi jipya yanajulikana kabla ya kazi kuanza, na hayabadiliki. Kwa seti iliyotumika tunatoza kwanza gharama ya kuchambua na kuhesabu, tunamkabidhi mteja orodha ya vipande vilivyopungua pamoja na bei ya kila kimoja, na yeye ndiye anayeamua kama tuendelee. Orodha ni mali yake hata akiamua kwenda kwingine. Hatutoi bei kwa kutazama picha ya gunia lililofungwa, wala kwa uzito wake kwenye mizani, hata muuzaji aape vipi kwamba vipande vyote vimo.