Risala ya vijana wa Maktau kwa Mgeni Rasmi, siku ya kumkumbuka Luteni Dartnell

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chifu wetu, wazee wa kijiji, walimu, kina mama mliokuja na watoto mgongoni, itifaki imezingatiwa, karibuni sana Maktau. Tumeambiwa uko na mikutano mingine miwili leo kwa hivyo historia tutaipitia mbio.

Mheshimiwa, tarehe 3 Septemba 1915, Mwingereza na Mjerumani wakipigana huku kwetu, Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia wa Melbourne, miaka 30 tu, alipigwa risasi ya mguu hapa karibu. Wenzake walikuwa washambeba wanarudi nyuma naye, ndo akaona kuna majeruhi wenye hali mbaya zaidi hawawezi kuondolewa, na alijua adui akiwafikia atawamaliza, akakataa kata kata, akasema mniache nibaki nao labda watapona. Akauawa. Uingereza ikampa Victoria Cross, medali yao kubwa kuliko zote, akiwa tayari kaburini. Medali iko Canberra, yeye amelala Voi kwa makaburi ya vita, na jiwe lake liko na jina.

Mafanikio yetu ni mengi sana. Kikundi kina wanachama 14, tumeongoza wageni kutoka mabara matatu (yule wa bara la tatu alikuwa amepotea anatafuta barabara ya Taveta, lakini kitabu alisaini). Tulipanda miche 200, ndovu na kiangazi wakachukua zao, iliyobaki 31 iko na afya njema.

Sasa Mheshimiwa, tufike kwa shida yenyewe.

Mgeni anatoka mbali anakuja kuona mahali shujaa alianguka, akishuka tu kwa gari anauliza choo kiko wapi. Tunampeleka kwa mama mmoja hapo ng'ambo, mama amechoka, juzi amefunga mlango na kufuli na hatumlaumu. Mvua ikinyesha tunasimulia vita chini ya mgunga, wageni wamejifunika karatasi za nailoni. Tunaomba kituo kidogo, chumba kimoja na vyoo viwili. Fundi ameshapiga hesabu: mabati 40, saruji mifuko 60, milango mitatu ya chuma, na tangi la maji. Mchanga na mawe tutabeba wenyewe.

Ombi hili si geni, Mheshimiwa. Mgeni rasmi wa miaka mitatu iliyopita alilipokea kwa mikono miwili, tukachinja mbuzi, akaweka jiwe la msingi mbele ya kamera, akasema "wiki ijayo lori litakuwa hapa." Yule aliyemfuata alitwambia faili iko mezani. Sisi tunaheshimu sana meza hiyo, maana lazima ni kubwa. Jiwe bado liko, utaliona ukienda gari, mbuzi wanapenda kulipanda asubuhi kuota jua.

Na hapo ndo panatuuma. Kwa vita ile babu zetu walibeba unga, risasi na majeruhi, wakafa kwa maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Kule Nairobi sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue inawaita mikono na miguu ya jeshi, lakini majina hakuna, na wengi makaburi yao hayajulikani. 2021 tume ya Jumuiya ya Madola ya makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawa na wenzao. Kwa hivyo hapa Maktau, Mheshimiwa, tuko na jiwe zuri lenye jina la kiongozi na chini yake hakuna kitu, na tuko na watu chini ya ardhi ambao hawana jiwe. Ukuta wa hicho chumba tungeandika majina ya wale ambao wazee wetu bado wanawakumbuka, na wazee wenyewe wanazidi kupungua.

Jiwe lingine hatuhitaji, tafadhali. Fundi yuko mstari wa pili, koti la kijani, amekuja na futi kamba. Mbuzi tutachinja mabati yakifika.

Asante.