Tuulize kama chuo kidogo kinamfaa mtoto, jina lake tuliweke kando

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala wa masomo ya ng'ambo, hasa jambo moja ambalo kurasa za elimu hulipita haraka mno. Kila msimu wa udahili huchapishwa orodha za vyuo vikuu bora duniani, nasi wazazi huzisoma kwa makini, lakini orodha hizo hazivigusi kabisa vile vyuo vidogo vya Marekani vya sanaa huria, yaani vyuo ambavyo kazi yake kubwa ni kufundisha shahada ya kwanza, vyenye wanafunzi kati ya elfu moja na elfu tatu hivi, ambamo kijana husoma hisabati, historia, falsafa na biolojia kwa pamoja kabla ya kuchagua somo lake kuu ifikapo mwisho wa mwaka wa pili. Binti yangu amedahiliwa na chuo cha namna hiyo, amedahiliwa pia na chuo kikuu kikubwa cha umma, na anatakiwa kutoa jibu kabla ya tarehe 1 Mei. Yeye ameshakipenda kile kidogo. Mimi bado nina maswali, na naamini wako wazazi wengine wengi wenye maswali hayohayo wasiojua pa kuyapeleka.

Kwanza niwatendee haki vyuo hivi, kwa sababu watu wengi huvidharau bila kuvijua. Chuo cha Williams, kilichoanzishwa mwaka 1793 huko Massachusetts, kina wanafunzi wapatao 2,000 tu, na kina utaratibu ambao wanafunzi wawili hukutana na mhadhiri mmoja kila wiki: mmoja husoma insha aliyoiandika, mwenzake huikosoa, na wiki inayofuata hubadilishana zamu. Hakuna ukumbi wa watu mia nne, wala msaidizi anayesahihisha kazi kwa niaba ya profesa. Katika maabara, kwa kuwa wanafunzi wa uzamivu hawapo, kazi ya utafiti hufanywa na vijana wa shahada ya kwanza wenyewe, wakiwa bega kwa bega na mwalimu wao. Jennifer Doudna, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020, alisoma shahada ya kwanza Pomona. Thomas Cech, aliyeshiriki tuzo hiyohiyo mwaka 1989, alisoma Grinnell, katika mji mdogo wa Iowa wenye wakazi wasiofika elfu kumi. Mifano miwili haithibitishi kwamba kila apitaye huko atafika walikofika hao, lakini inatosha kumnyamazisha anayedai kwamba chuo kidogo hakina sayansi.

Basi ubora wa vyuo hivi kwa ujumla wala haunisumbui. Kinachonikosesha usingizi ni swali jembamba zaidi: je, chuo hiki kinamfaa mtoto huyu, mwenye tabia hizi na mapenzi ya somo hili? Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu majibu ya swali hilo hayamo katika vijitabu vyenye picha za miti ya rangi ya dhahabu.

Binti yangu anapenda hisabati. Tulikaa naye mezani tukafungua kitabu cha kozi cha chuo kilichomdahili, na mwanzoni moyo ulitulia, maana idara ya hisabati ilikuwa imejaza kurasa nzima. Kisha tukafungua ratiba ya muhula unaoendelea, tukaziweka nyaraka mbili sambamba, naye akaanza kupitisha kidole mstari kwa mstari. Sehemu kubwa ya vipindi vilivyofundishwa kweli ilikuwa kalkulasi na takwimu za mwaka wa kwanza, ambazo ni za lazima kwa wanafunzi wa idara nyingine. Aljebra ya juu ilikuwa na alama kwamba hufundishwa mwaka mmoja na kurukwa unaofuata. Topolojia iliandikwa kwamba haitolewi mwaka huu, na mwaka uliotangulia pia haikutolewa. Wahadhiri wawili wa idara hiyo ndogo walikuwa katika likizo ya utafiti. Binti alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Sasa nikimaliza hizi mwaka wa pili, wa tatu nitasoma nini?" Sikuwa na jibu, na nadhani hilo ni swali ambalo kila mzazi wa mtoto aliyetangulia mbele katika somo fulani anapaswa kulipeleka kwa chuo kabla ya kulipa chochote.

Vipo vyuo vidogo vilivyolitatua tatizo hili kwa ujirani. Mwanafunzi wa Haverford anaweza kuchukua kozi Bryn Mawr au Swarthmore, na hata katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kule Claremont, California, vyuo vitano vya shahada ya kwanza, Pomona kikiwa kimojawapo, vimepakana kiasi kwamba mtu hutoka darasa la chuo kimoja akaingia la kingine kwa miguu. Amherst, Smith, Mount Holyoke na Hampshire vilijiunga na Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichopo Amherst katika ushirikiano wa namna hiyo, na wanafunzi husafiri kwa basi kati ya kimoja na kingine. Mtoto wa hisabati akiwa katika mtandao kama huo, hofu yangu hupungua sana. Chuo kilichomdahili binti yangu kipo peke yake, na mji wenye chuo kikuu uko mbali nacho. Hiyo haimaanishi asiende. Inamaanisha tujue hivyo mapema, na tuulize kama idara huruhusu masomo ya mtu mmoja na mhadhiri mmoja pale kozi inapokosekana, na ni wanafunzi wangapi waliofanyiwa hivyo kweli katika miaka ya karibuni.

Jambo linalofanana na hilo ni la kijana anayeweza kubadili nia akataka uhandisi. Swarthmore, Smith na Harvey Mudd wanafundisha uhandisi wenyewe, lakini vyuo vingi vya aina hii havifundishi. Badala yake vina mpango wa miaka mitatu kwao na miwili katika chuo kikuu kikubwa, na mzazi husikia "miaka mitano, shahada mbili" akafurahi. Aulize msaada wa fedha katika ile miaka miwili ya mwisho unatoka wapi, kwa sababu kwa kawaida ule wa chuo cha kwanza haumfuati mwanafunzi anapohama.

Nije sasa kwenye tabia, jambo ambalo naona halizungumzwi kabisa. Binti yangu ni mkimya. Katika darasa la watu kumi na wawili waliokaa kuzunguka meza hakuna pa kujificha. Kushiriki katika mazungumzo huhesabiwa kwenye alama, na mhadhiri huuliza kwa jina. Nimeambiwa na watu wawili wenye uzoefu mambo yanayopingana: mmoja alisema darasa la namna hiyo ndilo litakalomfungua, mwingine akasema litamvunja moyo. Kwa maoni yangu wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kutegemea ukimya wenyewe unatokana na nini. Mtoto anayenyamaza kwa sababu anafikiri kabla ya kusema atanufaika, maana mwalimu mwenye wanafunzi kumi na wawili hupata muda wa kumngojea. Anayenyamaza kwa hofu ya kukosea mbele za watu huenda akahitaji kwanza miaka michache ya kukaa viti vya nyuma bila kusumbuliwa, na chuo kikubwa kinampa nafasi hiyo. Mzazi ndiye amjuaye mtoto wake, na katika hili naomba tusiiachie orodha yoyote ituamulie.

Nje ya darasa nako udogo una uzito wake. Ohio State ina wanafunzi zaidi ya 60,000; ukigombana na kundi moja la marafiki, unatafuta jingine na pengine hamtaonana tena. Katika chuo cha watu 1,500 wenye ukumbi mmoja wa chakula, mnaonana kesho asubuhi. Zaidi ya hapo, katika baadhi ya vyuo hivi, Williams kikiwemo, takriban theluthi moja ya wanafunzi ni wachezaji wa timu za chuo, wanaofanya mazoezi pamoja, wanaokula pamoja na mara nyingi wanaokaa pamoja, kwa hiyo kwa yule asiyecheza duara la urafiki ni dogo kuliko idadi inavyoonyesha. Nataka kujua mtoto anayetoka mbali hukaa wapi mabweni yanapofungwa likizo ya Desemba, na kama mshauri wa afya ya akili anaweza kuonwa ndani ya wiki ileile au hadi muhula uishe. Ofisi ya udahili hujibu maswali haya kwa tabasamu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hujibu kwa ukweli. Kwa hiyo mzazi aombe kuunganishwa na mwanafunzi.

Kuhusu fedha, gharama yote kwa mwaka katika vingi vya vyuo hivi imepita dola 80,000 kabla ya ruzuku, na hakuna familia ya kawaida inayoweza kulipa kiasi hicho. Wapo wanaodahili bila kuangalia uwezo wa familia hata kwa mwanafunzi wa kigeni, kama Amherst na Bowdoin, kisha wakaziba pengo lote la mahitaji. Lakini hao ni wachache mno. Wengine wengi huangalia mfuko wa mzazi kabla ya kuamua. Tena vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi wa kigeni ambaye hakuomba msaada wakati wa kudahiliwa kuja kuuomba baadaye. Mzazi anayejikaza kulipa mwaka wa kwanza kwa matumaini kwamba "wakimwona anafaulu watamsaidia" anaweza kukwama mwaka wa pili, na mtoto akarudi nyumbani akiwa na kozi nane bila shahada. Barua ya msaada isomwe neno kwa neno: ni ya miaka minne, au inahuishwa kila mwaka? Ada ikipanda, ruzuku nayo inapanda?

Na je, chuo chenyewe kitakuwepo mpaka mtoto amalize? Swali hili lingeonekana la dharau miaka ishirini iliyopita. Leo sivyo. Idadi ya watoto wanaozaliwa Marekani imekuwa ikishuka tangu baada ya mwaka 2007, na watoto wa miaka hiyo ndio wanaofika umri wa chuo sasa. Green Mountain huko Vermont kilifungwa mwaka 2019. Wells, chuo cha jimbo la New York kilichoanzishwa mwaka 1868, kilitangaza tarehe 29 Aprili 2024 kwamba kinafunga milango mwisho wa muhula uleule, yaani siku mbili kabla ya tarehe ambayo kwa desturi wanafunzi wapya huthibitisha nafasi zao. Birmingham-Southern ya Alabama ilifungwa mwezi uliofuata. Sweet Briar ya Virginia ilitangaza mwaka 2015 kwamba inafungwa, ikaokolewa na wahitimu wake waliochanga fedha na kwenda mahakamani. Mzazi asiyechunguza anauziwa mbuzi kwenye gunia, ilhali gunia lenyewe liko wazi: vyuo binafsi visivyo vya faida hutakiwa kisheria kuweka hadharani taarifa zao za fedha za kila mwaka katika Fomu 990, na taasisi zinazotoa ithibati hutangaza chuo kinapowekwa chini ya uangalizi. Angalia kama idadi ya wanafunzi wapya imeshuka miaka mitatu mfululizo, na kama chuo kinakula akiba yake ili kulipa mishahara.

Suala la jina lisilojulikana kwa waajiri silipi uzito mkubwa, ingawa ndilo ndugu wengi wanalonitajia. Kofi Annan alihitimu Macalester mwaka 1961, na sijasikia aliyemuuliza chuo hicho kiko wapi. Lenye uzito kwangu ni kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu: kwa kanuni zilizopo, mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hupata miezi 12, na mwenye shahada ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuongezewa 24. Kwa mtoto wa hisabati hilo limekaa vizuri. Wa uchumi aulize shahada yake imesajiliwa katika kundi gani, kwa kuwa vyuo vinatofautiana.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa za elimu zitafute vijana waliosoma katika vyuo vidogo hivi, wakiwemo wale walioondoka kabla ya kumaliza, waeleze walichokuta. Nawaomba pia wazazi waliopeleka watoto huko waandike katika safu hii: kama kozi zilizoahidiwa zilifundishwa, kama ruzuku ilidumu hadi mwaka wa nne, na mtoto mkimya alipata wapi rafiki wake wa kwanza. Sisi tumeshamwandikia mkuu wa idara ya hisabati kumuuliza topolojia itafundishwa lini na nani, na tumemwomba atukutanishe na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa idara yake. Akijibu maswali yetu sawasawa, binti yangu atakwenda, nami nitatia saini bila kinyongo.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Mzazi
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa Mhariri)