Kwa nini gari letu la Mombasa huondoka Diani kabla ya chai

Wageni wetu wakiona ratiba ya safari ya Mji wa Kale, swali huwa moja: jamani, saa kumi na moja na nusu alfajiri? Mtu ametoka Nairobi au Nakuru kuja kupumzika, amelipia hoteli yenye kifungua kinywa cha kujipakulia, halafu anaambiwa awe getini giza bado halijatoka. Wengi hutuomba tuondoke saa tatu, wakishakunywa chai. Tungeweza, na wapo wanaopeleka wageni saa hizo. Sisi tumekataa, na kwa kuwa hatupendi kumkatalia mteja bila kumpa sababu, sababu zenyewe ni hizi.

Ya kwanza ni Likoni. Kutoka Diani hadi kivukoni ni kama kilomita 30 za lami, kupitia Tiwi na Ng'ombeni, na barabara ikiwa nyeupe hata saa nzima haiishi. Taabu iko mwisho wake. Mombasa ni kisiwa, na ukitokea kusini moja kwa moja hakuna daraja la magari la kukuingiza mjini. Kuna feri inayokata mkondo wa Kilindini. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Kinachokula muda ni kungoja zamu. Kila asubuhi watu wa Likoni na Kwale huvuka kwenda kazini, sokoni na shuleni upande wa kisiwani, na jioni umati uleule hurudi. Sasa mgeni anayelala Diani ana bahati mbaya ya kwenda upande uleule wanaokwenda wafanyakazi, asubuhi na jioni pia. Anayelala Nyali au Bamburi hana habari ya feri, yeye huingia kwa daraja. Wa kwetu huku kusini lazima apige hesabu.

Hesabu yetu ni kufika kivukoni kabla mambo hayajachacha, saa kumi na mbili na robo hivi, na kurudi kabla watu hawajatoka kazini. Ukiondoka saa tatu utakuta foleni ya asubuhi imepungua, ni kweli, lakini utaanza matembezi jua likiwa limekaza, na jioni utaingia kwenye msongamano wa kurudi mzimamzima. Tukikuta mstari wa magari ni mrefu, hatukai ndani ya gari tukitazama nyuma ya lori. Anayevuka kwa miguu halipi kitu, kwa hiyo tunashuka, tunavuka na wananchi wengine, na upande wa pili tunapanda tuktuk hadi mjini, dereva atafuata akipata nafasi. Wageni wengi hatimaye husema hiyo ndiyo sehemu waliyoipenda. Mifuko iwe mbele, simu zibaki mfukoni, na watoto washikwe mkono.

Mtauliza, na barabara ya Dongo Kundu je? Ipo, ni nzuri, na madaraja yake yanapendeza. Ila hiyo inakuzungusha hadi Miritini, kwenye barabara kuu ya Nairobi. Kwa anayekwenda uwanja wa ndege au kituo cha treni ya SGR, hakuna njia bora kuishinda. Anayetaka Mji wa Kale atalazimika kurudi kupitia Changamwe, akibanana na malori ya bandarini, mpaka Makupa ndipo aingie kisiwani. Njia hiyo tunaitumia pale feri inapokuwa na hitilafu, au tukiwa na mzee asiyeweza kusimama sana. Siku ya kawaida, hapana.

Kuhusu chai, msiogope. Tukishavuka, mnakunywa mjini, na hapa nitasema bila haya kwamba mahamri ya moto na mbaazi za nazi yanaishinda meza ya hoteli yoyote pale ufukweni. Kama tumbo lako halitaki mageni, iambie hoteli jioni ya kabla yake ikufungie chakula cha kubeba. Nyingi hufanya hivyo kwa mgeni aliyekwisha lipia, bora waambiwe mapema.

Saa mbili Fort Jesus inafunguliwa nasi tuko langoni. Hii ndiyo sababu ya pili. Ngome imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na sehemu kubwa ya ndani ni uwanja wazi. Saa mbili asubuhi upepo wa bahari unapita juu ya kuta, unaweza kusimama mahali ukasikiliza. Saa sita mchana yale mawe yanakuwa yamekunywa jua la kutosha, kila mtu anatafuta kivuli, na kiongozi hata awe hodari vipi anazungumza na watu wasiomsikiliza. Tumewaona watu wakimaliza ngome yote kwa nusu saa, wakatoka wakisema ni kuta tu.

Si kuta tu. Wareno waliianza mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali. Ilikuwa imekamilika 1596. Tangu hapo imebadilisha mikono mara nyingi, na visa vyake vingine vinamtosha mtu kusahau jua. Tunachopenda zaidi ni cha Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani wa Mombasa. Baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, naye akapelekwa Goa, kule India, angali mdogo, akalelewa Kikristo, akabatizwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kuja kutawala kwa niaba yao. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni, na mji ukawa mikononi mwake. Mwaka uliofuata aliiacha Mombasa akatokomea baharini. Wareno walirudi, wakaikarabati ngome, na juu ya lango hadi leo kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ya kujisifu kwamba wameirejesha. Wageni wengi hupita chini yake bila kuinua macho.

Halafu kuna mzingiro wa Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miezi 33! Waliokuwamo ndani, Wareno pamoja na waungaji mkono wao wa pwani, walimalizwa na maradhi na njaa zaidi ya risasi. Meli ya kivita iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama 1697 mbele ya ngome, na wapiga mbizi walianza kuichimbua 1977. Vyombo vilivyotolewa humo vimo kwenye jumba la makumbusho ndani ya ngome, na hapo tunaomba msikimbie. Msikimbie pia ule ukuta wenye michoro ya meli, samaki na watu, iliyochorwa na askari wa Kireno aliyekuwa zamuni. Mtu wa kawaida, mbali na kwao, akijipitishia wakati. Mimi binafsi huona mchoro huo unasema mengi kuliko mizinga yote.

Waingereza nao waliifanya gereza, kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka huohuo wa 1958 ikatangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa, na 2011 UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia. Wazee wa mjini wapo wanaokumbuka bado jina lake likitajwa kwa hofu ya kifungo.

Kiingilio hulipwa kwa makumbusho ya taifa, si kwetu, na viwango hutofautiana baina ya Mkenya, mtu wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali. Njoo na kitambulisho, maana bila hicho huwezi kujitetea langoni, na uwe na simu yenye pesa badala ya kutegemea noti. Katika bei yetu kuna gari, feri na kiongozi mwenye leseni anayeandamana nanyi tangu ngomeni hadi mwisho wa matembezi. Chakula cha mchana kila mtu hujilipia, kwa kuwa ladha hazifanani.

Tukitoka ngomeni saa nne, gari linabaki pale nje. Mji wa Kale hautembelewi kwa gari, katika vichochoro vyake vingine mkipishana wawili lazima mmoja akae pembeni. Tunaingia kwa Ndia Kuu, tunakwenda polepole chini ya roshani za mbao, tukitazama milango ya kuchongwa. Nyumba nyingi mtakazoona ni za karne ya 19, ingawa mitaa yenyewe ni ya kale zaidi. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara ule mweupe unaochongoka, unatajwa kuwa wa 1570 hivi, yaani ulikuwapo kabla ya ngome kupigiwa msingi. Karibu na bandari ya zamani kuna Leven House, jina linalotokana na meli ya Kapteni Owen, Mwingereza aliyeipandisha bendera ya nchi yake Mombasa mwaka 1824 kwa ombi la Wamazrui, ukoo uliotawala mji, waliomhofia Sultani wa Oman. Himaya ile ilidumu miaka miwili tu, London ikaikataa.

Hapa watu wanaishi, na tunalirudia hilo kila safari. Yule bibi aliyekaa barazani si sehemu ya maonyesho. Salamu kwanza, shikamoo kwa mkubwa, kisha ndipo uombe kupiga picha, na akikataa basi. Nguo za ufukweni ziachwe ufukweni: mabega na magoti yafunikwe, na dada zetu wakibeba leso moja begani inatosha. Nasi huwa tuna leso za akiba kwenye gari.

Ijumaa hatuendi. Si marufuku, ila kuanzia saa sita maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa ajili ya sala, na mgeni anajikuta akizunguka penye milango iliyofungwa. Mwezi wa Ramadhani tunakwenda, lakini mjue kwamba mchana mikahawa mingi imefungwa na si adabu kula au kunywa barabarani. Kwa wakati huo ratiba yetu inakuwa fupi, na anayetaka kuona mji ukiwa umechangamka kweli anapaswa kulala kisiwani aione jioni.

Mchana tunakula biriani au pilau mahali penye feni, kisha Marikiti kwa wanaotaka viungo, mabuyu na achari. Bei za Marikiti huongelewa, msione haya. Mapembeni, yale mapembe ya alumini yanayovuka Moi Avenue, tunasimama kwa picha na kuondoka; hakuna la kuelezwa hapo la robo saa.

Hatuwapeleki kwenye duka la vinyago mlilopangiwa. Tunajua baadhi ya safari za bei ya chini hufidia bei hiyo kwa kumpeleka mgeni dukani, akashinda humo saa nzima, dereva akapata kamisheni yake. Ukitaka kinyago, sema, tutakuonyesha mafundi kadhaa uchague mwenyewe. Vilevile hatuunganishi safari hii na Haller Park, ile bustani ya wanyama. Tunaombwa kila mara, hasa na wenye watoto, nasi twawaelewa, lakini Haller Park iko Bamburi, nje ya kisiwa, upande wa kaskazini. Ukiichanganya na Mji wa Kale siku moja huku unalala Diani, utakuwa umelipia kukaa barabarani. Ipangieni siku yake.

Saa nane tunaanza kurudi. Hapo ndipo wengine hulalamika tena, mbona mapema. Ni Likoni ileile: tukichelewa hadi saa kumi na moja tutakuwa na kila aliyetoka kazini. Tukitoka saa nane, saa kumi mko hotelini, na hapa ndipo penye siri ambayo watu wa bara hawaijui hadi waambiwe.

Bahari ya Diani haikai mahali pamoja. Maji yakitoka yanarudi nyuma mpaka karibu na mwamba, unabaki na mchanga, mwani na vidimbwi, na anayetaka kuogelea hana la kufanya ila kusubiri. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hutoka kabisa katikati ya asubuhi, mnamo saa nne au saa tano, na kujaa jioni, kama saa kumi au kumi na moja. Siku hizo ndizo za kwenda Mombasa. Bahari ikiwa mbali nanyi mko ngomeni, na mkishuka garini mnaikuta imejaa hadi mchangani. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, na mtu mwenye akili hukaa aogelee.

Kwa hiyo mkitupigia kuuliza nafasi, nasi tutauliza mnakaa kuanzia lini hadi lini, kisha tutatazama mwezi kabla ya kuwapa siku. Wanaokaa siku tatu tu huenda ikabidi wachukue iliyopo. Wanaokaa wiki nzima watuarifu siku wanayofika, kwa sababu magari yetu ni machache na siku za bamvua hujaa kwanza. Malipo ya awali ni ya kushikia nafasi tu, na feri ikisimama kabisa siku hiyo, mtachagua wenyewe: Dongo Kundu, siku nyingine, au mrudishiwe pesa.