Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Moshi: Uamuzi wa Kutua

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, na vijana mliojiunga mwaka huu karibuni sana.

Mahesabu mmeshagawiwa, na Mhazini atayafafanua baada yangu. Paa la hangari limekamilika na ada zimelipwa vizuri. Kwa hayo nawashukuru nyote, hasa mafundi wetu. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo ambalo Kamati imelijadili mwaka mzima: sisi tunaorusha glaida zenye injini, yaani ndege zinazoelea kwa hewa inayopanda huku injini imezimwa, kando ya Kilimanjaro na Meru tunachelewa kuamua kutua.

Mwaka umekwisha bila mtu kuumia, namshukuru Mungu. Lakini nikisoma madaftari ya safari naona tabia inayonitia hofu. Rubani wa glaida isiyo na injini, akikosa hewa inayopanda, hutafuta shamba mapema maana hana pengine pa kukimbilia. Mwenye injini huzidi kuingia korongoni akijiambia kwamba ataiwasha tu. Injini yenyewe imezimwa muda mrefu, imepoa kule mita 4,500 ambako joto linakaribia nyuzi sifuri, na betri nayo imepoa vilevile. Kwa zile glaida ambazo injini yake hukunjwa nyuma ya rubani, propela ikishainuliwa bila kuzunguka huizuia ndege vibaya sana, na umbali ambao ingefika hupungua hata kupita nusu. Injini ikigoma hapo, mita mia moja au zaidi zimeshaliwa, na shamba lililokuwa karibu halifikiki tena.

Wapo wanaotegemea namba za kitabu cha ndege. Tuzipige hesabu pamoja. Glaida ya kusafiria yenye injini puani husonga mita 27 hivi kwa kila mita moja inayoshuka, hewa ikiwa tulivu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, maana yake inashuka takribani mita moja kila sekunde. Sasa iweke upande wa mlima uliokingwa na upepo, hewa inashuka mita 2 kwa sekunde, na mbele kuna upepo wa kilomita 30 kwa saa. Inashuka mita 3 kwa sekunde, huku juu ya ardhi inakwenda kilomita 70 tu kwa saa. Mwinuko wa mita 1,000, ambao kitabu kinaahidi utakufikisha kilomita 27, unakufikisha kilomita 6 na kidogo. Na hewa ya kushuka mita 2 kwa sekunde si ya ajabu kwetu. Wakati wa kusi utaikuta upande wa kaskazini-magharibi wa milima yote miwili, na mara nyingi ni kali zaidi ya hapo.

Mwanachama mmoja ameniruhusu nisimulie yaliyompata bila kumtaja jina. Alikuwa magharibi mwa Kilimanjaro alasiri, upepo wa kusi umeshika, akaanza kushuka kuliko alivyotegemea. Hakugusa injini. Kwanza aligeuka kutoka mlimani kuelekea mashamba makubwa ya Ngare Nairobi, akachagua moja lililokwisha vunwa ngano, akaangalia vumbi la trekta ajue upepo unatoka wapi, akatafuta nguzo za umeme maana nyaya hazionekani ukiwa juu. Alipokuwa juu ya shamba hilo, bado ana mwinuko wa kutosha, ndipo alipojaribu kuwasha. Injini ilikataa. Hakurudia. Alifanya mzunguko wake wa kutua kama anavyoufanya hapa nyumbani, akatua salama, na ndege haikupata hata mkwaruzo. Baadhi yenu mlimcheka kwa kutua shambani akiwa na injini. Mimi nampongeza mbele ya mkutano huu, na nawaomba mliomcheka mkampe mkono wakati wa chai.

Kuhusu mahali pa kutua, wageni wanaotoka nchi za Ulaya hudhani kijani chote wanachokiona chini ni malisho. Sivyo. Kuanzia Machame hadi Marangu ile kijani ni vihamba: migomba, kahawa na miti mirefu, tena kwenye mteremko uliokatwa na makorongo. Hapo hakuna pa kuweka mabawa ya mita 16. Miwa iliyokomaa kusini mwa Moshi haifai. Mahindi hutegemea mwezi: yakiwa yamepanda kifuani ni hatari, yakishavunwa shamba linaweza kufaa kama matuta yanakwenda sambamba na njia yako ya kutua. Tambarare ya Sanya ni pana, lakini ina vichuguu, visiki na ng'ombe. Barabara huvutia macho, nazo ndizo zenye nguzo, bodaboda na malori. Mashamba yanabadilika kila msimu, kwa hiyo tutayapitia kwa gari baada ya masika na tena baada ya mavuno.

Kwenye shamba lenye mteremko tueni mkielekea juu, hata kama upepo kidogo unatoka nyuma. Jihadharini na macho: ardhi inayopanda mbele yako hukufanya uone uko juu mno, ukavuta breki za mabawa ili ushuke, kumbe uko chini. Muwe na mwendo wa ziada wa kuinua pua kufuata mlima.

Jambo la altimita, kile kipimo cha mwinuko, limejitokeza tena. Uwanja wa Moshi uko mita 850 hivi kutoka usawa wa bahari, wa Arusha pale Kisongo uko karibu mita 1,390. Aliyeweka sifuri Moshi akaenda Arusha, altimita itamwambia ana mita 500 za hewa chini yake wakati magurudumu yameshagusa lami. Pia siku ya nyuzi 28 pale Kisongo, hewa ni nyepesi kama ya mita 2,200. Kipimo cha mwendo kitasoma kama kawaida, lakini juu ya ardhi unakwenda kasi zaidi kwa takribani asilimia 11 kuliko ungekuwa usawa wa bahari, na ndege itakimbia chini karibu robo zaidi kabla ya kusimama.

Halafu ipo KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro. Njia yake ina urefu wa mita 3,600, katikati ya Kilimanjaro na Meru. Hakuna shamba bora kuliko hilo mkoa huu wala ule, na bado marubani wetu huona haya kuwaita waongoza ndege. Iteni mapema, semeni hali yenu kwa maneno ya wazi, ombeni kutua. Na msisubiri jioni: mawingu hufunika miteremko mapema, na jua likizama giza halikawii.

Kamati imechunguza kwa nini watu wanachelewa, na naamini sababu kubwa ni fedha na aibu. Kutua shambani ni kukodi gari la kuvuta trela, kulipa vijana wa kusaidia kubeba, kulipa fidia ya mazao. Rubani anayewaza bili hiyo akiwa juu ya korongo hawezi kuamua vizuri, hasa kama amevuka mita 3,000 bila oksijeni. Kwa hiyo tunaleta maazimio mawili. La kwanza: shamba lichaguliwe kabla injini haijaguswa, jaribio la kuwasha liwe moja tu, na chini ya mita 300 kutoka ardhi ya shamba hilo, si kutoka usawa wa bahari, injini isahaulike. La pili: gharama zote za kuichukua ndege na kumlipa mkulima zitoke mfuko wa chama, bila rubani kuulizwa kwa nini alitua.

Atakayetua shambani aanze kwa kumsalimu mwenye shamba na kumpa pole kwa usumbufu, kisha ampigie mwenyekiti wa kitongoji, ndipo atupigie sisi. Namba za vitongoji vya Siha, Hai na Arumeru ziko kwa Katibu.

Mwenye marekebisho ya maazimio ayaandike na kumkabidhi Katibu sasa hivi. Tutapiga kura baada ya taarifa ya Mhazini.