Njoo mbalamwezi ijayo, na doli la kufundishia ulibebe

Ujiji, Kigoma

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleykum. Habari za Tabora, za watoto, za mama mkubwa na mguu wake? Huku wazima. Dagaa wamepanda bei, na bibi anakusalimu sana, anauliza ile asali uliyomwahidi kama bado inarinwa.

Simu ya juzi ilikatika maneno yakiwa mdomoni, na najua ukiwa zamu hupokei, ndiyo maana naandika. Ni yule bwana wa Kibirizi. Ulinipa pole, lakini kisa chote hukukipata.

Alianguka asubuhi mwaloni, boti zinashusha dagaa, ndoo ikiwa mkononi. Mtu mzima mwenye mwili wake, hana homa, hakulalamika chochote. Mkewe alinisimulia huku amenishika mkono: "Alikuwa anapumua, nesi. Anavuta moja, anakaa, anavuta nyingine, kama anakoroma." Ndiyo hiyo, Mwanaidi. Ile ya kupanua mdomo kama samaki aliyetolewa majini, ambayo sisi tukiiona tunajua moyo umeshasimama. Wao waliona bado yuko hai, basi hakuna aliyegusa kifua. Mmoja akammwagia maji, mwingine akampepea kwa kanga, mzee mmoja akamwinamia kumtamkisha shahada, vijana wakampakia bajaji. Kamwe usiwalaumu, walikimbia kwa mapenzi yote. Ila walimkalisha, kichwa kinaning'inia, na mtu aliyekalishwa kwenye kiti hata bingwa hawezi kumbonyeza kifua.

Sisi tulimlaza sakafuni, maana godoro linakula nguvu yote ya mkono. Tukabonyeza kwa kupokezana kila dakika mbili, ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, usoni, sindano ya adrenalini miligramu 1, kisha tena kila baada ya dakika chache. Magamba ya dagaa yaliyokuwa kifuani kwake yakanigandia viganjani. Mashine ya kushtua moyo hatuna. Wewe unajua anayeanguka ghafla namna ile mara nyingi moyo unatetemeka tu bila kusukuma damu, na dawa yake ni umeme. Bila mtu wa kubonyeza, kila dakika inayopita kabla ya huo umeme inaondoa asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya kupona. Sasa toa hapo muda wa kubishana, wa kutafuta bajaji, na ile barabara. Alipofika kwetu tulikuwa tunafanya kazi ya watu waliokuwa naye pale mwaloni.

Kwa hiyo nimeongea na mwenyekiti wa mwalo, amekubali tuwafundishe watu wake kubonyeza kifua. Madereva wa bajaji wamekubali. Mama lishe ndio wa kwanza kuuliza lini. Namtaka mwalimu, na mwalimu ni wewe.

Ila hapa ndipo simu ilipokatika. Ulisema tuwafundishe mikono tu, habari ya kupuliza mdomoni tuiache, watu wanaona kinyaa na wanasahau hesabu. Kwa mtu wa sokoni Tabora nakubaliana nawe kabisa. Anayeanguka ghafla damu yake bado ina hewa ya kumtosha kwa dakika za mwanzo, isukumwe tu. Lakini shoga, hapa tuna ziwa. Aliyezama moyo wake umesimama kwa sababu hewa iliisha kwanza. Ukimbonyeza bila kumpulizia unazungusha damu tupu. Miongozo ya Ulaya inamwanzia aliyezama na pumzi 5, ndipo zifuate 30 kwa 2, yaani mibonyezo 30 kwa pumzi 2. Siwezi kusimama mbele ya wavuvi wa Tanganyika nikawafundisha nusu. Wasiotaka mdomo kwa mdomo wabonyeze tu, ni bora kuliko kusimama kutazama, lakini wajue yote.

Na lazima tuseme habari ya kumning'iniza mtu miguu juu, au kumlaza tumbo kwenye pipa ili maji yatoke. Bado wanafanya. Maji ya mapafuni hayatoki hivyo, yanayotoka ni ya tumboni, tena na matapishi, na yakirudi kifuani ndiyo balaa. Huku dakika zinakwenda.

La shahada nimelifikiria sana, kwa kuwa hapa Ujiji ukimwambia mtu aache kumsomea ndugu yake hatakusikiliza tena. Nitawaambia mmoja amsomee sikioni na mwenzake abonyeze. Hakuna linalozuia jingine. Ukimwita hana jibu, na hapumui kama kawaida, basi mlaze chini chali, kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, mikono imenyooka, bonyeza kifua kizame sentimita 5 zisizidi 6, uachie kifua kirudi chote, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ubavu ukilia usiogope, ubavu unaunga. Wale wanaovuta nyavu usiku kucha wana mabega na mapigo kuliko mimi na wewe, utaona mwenyewe.

Unamkumbuka mwalimu wetu wa wodi ya mahututi na ile habari yake ya Baltimore, Marekani? Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, mwaka 1960, walioandika kwamba yeyote, popote, anaweza kuanza kuufufua moyo, mikono miwili inatosha. Na Kouwenhoven mwenyewe alikuwa mhandisi wa umeme, siyo daktari. Hilo nataka ulisimulie wewe, maana vijana wa mwaloni wana dhana kwamba mgonjwa hamgusi ila mwenye koti jeupe.

Mashine nayo sijaiacha. Nimeandika barua ya kuomba, sijajibiwa, nitaandika nyingine. Lakini hata ikija kesho, inataka imkute mtu ambaye kuna aliyekwisha kuanza kumbonyeza.

Sasa nijibu. Mbalamwezi ijayo utapata ruhusa? Siku hizo wavuvi wa dagaa hawaingii majini, tutawapata wote wakiwa wamelala wakaamka. Doli la chuo watakuazima, na lile la kifua kinacholia "kach" ukibonyeza sawasawa bado zima? Utakuja na treni au basi, maana doli ndani ya treni linahitaji kiti chake? Barakoa za kupulizia mnazo ngapi za ziada? Yule kaka wa Urambo aliyefundisha nawe mwaka ule anaweza kuja, au bado hamsemeshani? Na hili la pumzi, tumekubaliana au bado una neno?

Utalala kwangu, usitafute gesti. Mama Neema ameshasema migebuka ni juu yake.

Wako,
Zainabu