Vijana wetu mnaokwenda kwenye mazungumzo ya tabianchi, ulizeni mwaka wa kuanzia

Wanangu,

Salamu nyingi. Nimesikia baadhi yenu mmeteuliwa kwenye ujumbe wa nchi zetu za Afrika Mashariki. Mazungumzo haya nimeyafuatilia tangu wajumbe walipokutana Gigiri, Nairobi, Novemba 2006, na lipo neno ambalo sitaki niondoke nalo.

Nchi tajiri ikitamka asilimia ya kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, msipige makofi kwanza. Ulizeni: kutoka mwaka gani? Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen, Marekani ilisema itapunguza gesijoto kwa asilimia 17 ifikapo 2020. Ilihesabu kutoka 2005. Ukianzia 1990, kama ilivyofanya Itifaki ya Kyoto, yale makubaliano ya 1997 yaliyozipa nchi tajiri malengo ya kupunguza, zinabaki kama asilimia 4 tu. Japani nayo mwaka 2015 iliahidi kupunguza asilimia 26, ikianzia 2013, wakati ambapo karibu vinu vyake vyote vya nyuklia vilikuwa vimezimwa baada ya maafa ya Fukushima na makaa ya mawe na gesi vikichomwa kwa wingi. Mwenye duka akipandisha bei wiki moja kabla ya Idi, kisha akatangaza punguzo, mama zenu wangemwuliza bei ya mwezi uliopita. Nanyi ulizeni vivyo hivyo, maana chini ya Mkataba wa Paris, makubaliano ya tabianchi ya 2015, kila nchi inajichagulia mwaka wake.

Hata 1990 ina mtego. Kyoto iliitaka Urusi isizidishe kiwango cha mwaka huo, lakini Muungano wa Kisovieti ulikuwa umeshavunjika, viwanda vimefungwa, na moshi umepungua wenyewe. Urusi ikabaki na vibali vya ziada vya kutoa gesijoto, vinavyoweza kuuzwa kwa nchi nyingine, ambavyo havikutokana na juhudi yoyote ya kulinda tabianchi. Kwa hiyo msivikimbie vikao vya kanuni za kuhesabu vibali na misitu, hata vikiwachosha hadi usiku wa manane. Ahadi huliwa humo. Ujumbe wenu ukiwa mdogo, gawaneni vyumba na majirani.

Jambo jingine linaniuma hadi leo. Desemba 2012, kule Doha, nchi zilizobaki na malengo chini ya Kyoto zilikubali kupunguza kwa asilimia 18 chini ya kiwango cha 1990, kati ya 2013 na 2020. Kanada ilikuwa imeshatangaza kujitoa. Japani na Urusi hazikuchukua lengo jipya. Makubaliano hayo, yaliyoirekebisha Itifaki ya Kyoto, yalihitaji nchi 144 kuyaridhia, yakaanza kuwa sheria tarehe 31 Desemba 2020, siku ya mwisho ya kipindi chenyewe! Ulaya, tuseme haki, ilikuwa ikitekeleza bila kusubiri. Wala uchelewaji haukuwa wa matajiri peke yao: Nigeria iliridhia Oktoba 2020. Mkirudi nyumbani, bisheni hodi bungeni na wizarani mpaka karatasi itiwe saini.

Wala msiogope kusimama. Barcelona, Novemba 2009, Kundi la Afrika, yaani nchi za Afrika zinazojadiliana kwa sauti moja, liligoma kuendelea na vikao mpaka malengo ya nchi tajiri yajadiliwe, na likaongezewa muda wa kuyajadili.

Kabla hamjapanda ndege, kaeni na kikokotoo. Kila ahadi ya nchi tajiri irudisheni kwenye 1990, muiandike kwenye karatasi moja, na kila mmoja wenu aibebe nakala mkononi, si kwenye begi.

Mzee wenu