Harambee: Tuwapeleke Wawili Wakajifunze Kuipima Dunia

Kwa wazazi, walimu, wahitimu wetu na marafiki wote wa chama cha mazingira,

Tunawasalimu kwa heshima na kuwabishia hodi. Wanachama wetu wawili wamepata nafasi ya kusomea mabadiliko ya mazingira duniani katika masomo ya kiangazi ya chuo kikuu, yale ya wiki chache wakati wa likizo ndefu. Chuo kimewasamehe ada na kitawapa malazi. Kilichobaki ni nauli, viza na bima, na hapo ndipo mfuko wa chama ulipogota.

Maneno kuhusu tabianchi hayajawahi kuadimika. Sisi wenyewe tumeshayasema mengi, kwenye mabango na kwenye mikutano. Walio haba ni watu wanaoweza kushika takwimu, wakazihoji, wakajua zilipatikanaje na zina kasoro gani.

Machi 1958 mwanasayansi Mmarekani Charles David Keeling alianza kupima kaboni dioksidi, gesi inayoongeza joto la dunia, hewani kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii. Ilikuwa takribani sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imeshapita 420. Mchoro wa vipimo hivyo hupanda na kushuka kila mwaka, kwa kuwa mimea ya kaskazini mwa dunia hufyonza kaboni inapochipua na kuirudisha majani yanapoanguka na kuoza, ila kila mwaka wastani unakuwa juu ya ule uliopita. Lipo jambo ambalo halitajwi sana: mwanzoni mwa 1964 vipimo vilikatika kwa miezi michache kwa sababu ya kukatwa kwa bajeti. Pengo hilo lipo kwenye rekodi hadi leo. Hata zikimwagwa fedha kiasi gani sasa, hakuna atakayerudi kuipima hewa ya 1964.

Tena kipimo kilichofanywa kwa subira huzaa sheria. Ni vipimo vya miaka mingi vya kituo cha Halley, Antaktika, vilivyochapishwa 1985, vilivyofichua tundu la ozoni, yaani kupungua sana kwa tabaka la gesi linalotukinga na miale mikali ya jua. Miaka miwili baadaye Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni, ilikuwa imetiwa saini.

Huko masomoni vijana wetu hawatakaa darasani tu. Wataingia ziwani na mashua, washushe bomba refu mpaka kwenye tope la chini, kisha walivute likiwa limejaa. Likipasuliwa kwa urefu, tope huonekana limelala tabaka juu ya tabaka, la zamani chini na jipya juu: jeusi palipokuwa na mimea mingi iliyooza, la kijivu palipoingia udongo wa mmomonyoko, na pengine uzi mwembamba wa mkaa wa moto wa zamani. Kipande kidogo cha kila tabaka husafishwa kwa kemikali na kuwekwa chini ya hadubini, na chavua, yaani chembe za unga wa maua, huhesabiwa moja moja: hii ya nyasi, hii ya msonobari. Ni kazi ya kuumiza shingo, lakini ndiyo inayosema msitu uliondoka lini na nini kilichukua nafasi yake. Barafu ya Antaktika husomwa vivyo hivyo. Viputo vya hewa vilivyonaswa ndani yake vimetupa historia ya miaka 800,000, na katika muda wote huo, kabla ya zama za viwanda, kaboni dioksidi haikuzidi takribani sehemu 300 katika kila milioni.

Kwenye kikao tuliulizwa: hayo yote si yapo kwenye intaneti? Mihadhara ipo, mingine ya bure, na wote wawili wameshaisikiliza. Tope halipo.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ni la haki. Ndege nayo inachafua hewa hiyohiyo tunayoililia. Mbona tunampandisha mtu ndege akajifunze kuilinda? Hatuna jibu la kuondoa lawama yote. Tulichoamua ni kupeleka wawili badala ya kundi, na kila mmoja ameahidi kwa maandishi kuwafundisha wenzake mwaka mzima atakaporudi: kusoma picha za setilaiti, kuchora grafu kwa kompyuta, na kutunza daftari la vipimo vya mvua na joto bila kuruka siku.

Kutoa ni moyo, na hatumpangii mtu kiwango. Unaweza kutoa taslimu, au kuandika ahadi na tarehe utakayoitimiza. Wenye uzoefu wa kuomba viza watusaidie kukagua fomu kabla hazijapelekwa, maana hilo nalo ni mchango, na pengine linatuhangaisha kuliko fedha zenyewe. Kila anayetoa apewe stakabadhi, asiyepewa aidai. Daftari la michango liko kwa mweka hazina, na mchangiaji yeyote ana haki ya kulikagua.

Fedha zikizidi, tutanunua kipimamvua na kipimajoto vya chama. Zikipungua, ataenda mmoja, yule aliyeongoza kwenye usaili, na nafasi ya pili tutairudisha chuoni mapema ili apewe mwingine. Ndiyo maana tunaomba ahadi zitufikie kabla ya siku ya kuthibitisha nafasi.

Kwa niaba ya kamati,
Katibu